Nani auziwe? Haki ya mwenye duka kukataa, na mahali inapokoma

Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa Amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kuuza jumla na rejareja nje ya supamaketi, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Huku Tanga, ambako mpaka na Kenya wa Horohoro uko kilomita zipatazo 65 tu kutoka mjini na wateja kutoka ng'ambo ya mpaka ni sehemu ya biashara ya kila siku, Amri ile imezua mabishano yanayokoroga mambo mawili tofauti. Inahusu nani auze. Haina neno hata moja kuhusu nani auziwe. Hata hivyo imeamsha swali la zamani ambalo halijawahi kupata jibu lililonyooka: bidhaa ni halali, fedha ni halali, mteja amesimama mbele ya kaunta, je, mwenye duka anaweza kumwambia "wewe sikuuzii"?

Majibu mawili yanasikika zaidi, na yote mawili yana kasoro. La kwanza husema duka ni mali ya mtu, kwa hiyo humuuzia amtakaye. La pili husema bidhaa ikishawekwa rafuni na bei ikabandikwa, kila mwenye fedha ana haki ya kuichukua. Hoja yangu ni kwamba sheria yetu inampa muuzaji uhuru mpana wa kukataa kwa sababu ya bidhaa yenyewe, ya usalama au ya mwenendo wa mteja, na inafaa uhuru huo ubaki. Kukataa kwa sababu ya mteja ni nani, yaani kabila lake, dini yake, jinsia yake, ulemavu wake au alikotoka, ni jambo jingine kabisa, na hapo sheria ya Tanzania imeacha pengo ambalo watu wengi hudhani limekwisha kuzibwa.

Tuanze na rafu. Mkataba wa mauzo hapa nchini unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mkataba unahitaji mmoja apendekeze na mwingine akubali, kila mmoja kwa hiari yake. Wengi wanadhani bidhaa iliyopangwa rafuni ni pendekezo la muuzaji na mteja anapoichukua amekwisha kukubali. Sivyo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 1953, katika shauri la maduka ya dawa ya Boots, kwamba kuweka bidhaa rafuni ni kumkaribisha mteja aje apendekeze. Mteja hupendekeza anapoipeleka kwa mpokea fedha, na mkataba unazaliwa pale mpokea fedha anapokubali. Sheria ya kawaida ya Kiingereza, yaani ile inayojengwa na hukumu za mahakama, iliingia kwetu kwa kikomo cha tarehe 22 Julai 1920, hivyo uamuzi wa 1953 hauifungi mahakama ya Tanga, lakini una uzito wa kushawishi na unaendana na Sura ya 345. Maana yake kwa vitendo ni kwamba hadi sekunde ya mwisho kabla ya kupokea fedha, muuzaji anaweza kusema hapana. Akishapokea fedha amebanwa: anatakiwa kutoa bidhaa, na akishindwa, kurudisha fedha hakumzuii mnunuzi kudai fidia ya hasara aliyopata. Wauzaji wa vifaa vya ujenzi huteleza hapa mara nyingi. Hupokea malipo ya mifuko 50 ya saruji asubuhi, bei ikipanda mchana wanamrudishia mtu fedha zake na kumwambia mzigo umekwisha. Huko ni kuvunja mkataba, na jina la "kukataa kuuza" haliwasaidii.

Kuna pia makatazo ambayo muuzaji hana hiari nayo. Sigara haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, pombe vilevile. Wakala wa laini za simu haruhusiwi kumsajilia laini mtu asiyethibitishwa kwa alama za vidole na kitambulisho. Katika hayo hakuna mjadala, ila muuzaji asichoke kueleza sababu, kwa maana mteja anayekataliwa bila maelezo huondoka akiamini amebaguliwa.

Palipo na utajiri wa mjadala ni pale sheria inapompa muuzaji nafasi ya kuamua. Chukua petroli. Mvuvi wa Sahare au Mwambani mwenye mashine ya boti hawezi kuiburuta boti hadi kituo cha mafuta; anakwenda na dumu. Mhudumu wa pampu anapomkatalia, mvuvi huona ananyanyaswa kwa sababu ni mvuvi, wakati mwenye gari dogo aliye nyuma yake anajaziwa lita 40 bila swali. Ukitazama kwa makini, katazo hilo lina mashiko yake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Tanga; mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hautawanyiki juu bali hutambaa sakafuni hadi ukute jiko au kiberiti. Ukifikia kama asilimia 1.4 tu ya hewa, unawaka. Dumu la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli: plastiki yake hupenyeza mvuke na hulainika, mfuniko wake haubani. Baya zaidi, mafuta yanapotiririka ndani ya plastiki huzalisha umeme tuli, na dumu likiwa juu ya turubai la pikipiki au ndani ya bajaji umeme huo hauna njia ya kwenda ardhini. Cheche moja kati ya mdomo wa bomba na shingo ya dumu inatosha. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 100 baada ya moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na wengi wao walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika.

Lakini hapo hapo ndipo kituo kinapokosea. Sababu halali ni chombo, si mvuvi. Tangi la kubebeka linalokuja na mashine ya boti, lile la lita 24, ni la plastiki pia, ila limetengenezwa kwa petroli na lina mfuniko wenye kipumulio kinachofungwa. Galoni la bati la lita 20 nalo linafaa. Kituo kinachomkatalia mvuvi mwenye chombo sahihi kwa kusema tu "hatuuzi kwenye madumu" kimeacha kulinda usalama na kimeanza kuchagua watu. Utaratibu wenyewe si mgumu: chombo kishushwe chini kwenye sakafu, kamwe kisijazwe kikiwa juu ya chombo cha usafiri, mdomo wa bomba uguse shingo ya chombo muda wote, mafuta yaende taratibu, nafasi ya kama sehemu moja ya ishirini iachwe juu kwa ajili ya mafuta kutanuka, yaani galoni la lita 20 lipokee 19. Oili ya kuchanganya, kwa mashine zinazotaka 50 kwa 1, ni mililita 380 kwa lita hizo 19, na ichanganywe mbali na pampu. Kituo kikiyafanya hayo kimetimiza wajibu wake wa usalama na mvuvi amekwenda baharini. Kisipoyafanya, mvuvi hataacha kwenda baharini. Atanunua kwa muuza chupa wa uchochoroni, mahali ambapo hakuna mchanga, hakuna kizimamoto na hakuna anayejua mafuta yamechanganywa na nini.

Ikumbukwe pia kwamba kituo cha mafuta si duka la kawaida. Kinafanya kazi kwa leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, bei yake ya juu inapangwa kila mwezi, na mwaka 2023 mamlaka hiyo ilivifungia vituo kadhaa kwa kosa la kuhodhi mafuta. Anayepewa leseni ya kuuza kitu ambacho umma hauwezi kuishi bila kuwa nacho, na ambacho si kila mtu anaruhusiwa kukiuza, amekubali kupunguza uhuru wake wa kuchagua mteja. Hii ni tofauti kubwa na mama anayeuza vitumbua Ngamiani.

Famasi na maduka ya dawa muhimu yako kwenye kundi hilo hilo, na huko kukataa kwa haki na kukataa kwa dhuluma hukaa kwenye kaunta moja. Mteja anaomba "vidonge vya rangi mbili, sita tu". Kwa mtu mzima aliyeandikiwa amoksilini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku tano, dozi ni vidonge 15. Sita ni siku mbili. Vimelea dhaifu hufa, vigumu hubaki na kuzaliana, na safari ijayo dawa ile haifanyi kazi kwake wala kwa jirani yake. Muuza dawa anayekataa kuuza sita, au anayekataa kuuza kabisa bila cheti cha daktari, anastahili kuungwa mkono hata kama amepoteza mteja. Anakataa kwa sababu ya dawa, na angemkatalia yeyote. Sasa aje msichana wa miaka 20 kuomba P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Dawa hii ni levonogestreli, jumla miligramu 1.5, na inatakiwa kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Muuzaji anamtazama, anamuuliza kama ameolewa, kisha anasema haipo, ilhali boksi liko nyuma yake na jana kamuuzia mwanamume aliyetumwa na mkewe. Hapa dawa haikubadilika. Aliyebadilika ni mteja. Na kwa kuwa saa zinahesabika, kumwambia "jaribu kwingine" si jibu dogo: akikataliwa mara mbili na kusubiri kesho, madhara hayarudishwi na msamaha wa mtu.

Wengi huamini kwamba mtu aliyekataliwa namna hii ana Katiba mkononi. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ni orodha nzuri. Lakini isome ibara ndogo ya 4 polepole: kinachopigwa marufuku ni kubaguliwa na mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, au katika kazi za Mamlaka ya Nchi. Afisa wa halmashauri anayetoa leseni yumo. Mwenye duka la barabara ya tisa Ngamiani hayumo kwa uwazi huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, imeenda hadi ndani ya biashara binafsi na kumkataza mwajiri kumbagua mwajiriwa. Kwa hiyo mwenye duka akimkatalia kazi mtu kwa sababu ya kabila lake, amevunja sheria. Akimkatalia kilo ya unga kwa sababu hiyo hiyo, ni vigumu kuonyesha kifungu alichokivunja. Sheria ya UKIMWI ya 2008 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 zinakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa makundi yake, na hizo ni silaha za kweli. Nje ya hapo pengo liko wazi.

Wenzetu wamelishughulikia kwa njia mbalimbali. Ukivuka Horohoro ukaingia Lunga Lunga, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27(5), inamkataza mtu binafsi pia kumbagua mwenzake, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Lakini hata huko, mgahawa mmoja wa Nairobi ulipogundulika mwaka 2015 kuwa unawazuia Waafrika kuingia jioni, kilichoufunga upesi zaidi kilikuwa kasoro za leseni. Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inataja hoteli, migahawa na kumbi za burudani. Maduka ya kawaida hayamo kwenye orodha hiyo, na ulinzi wa mnunuzi mweusi unatokana zaidi na sheria ya 1866 kuhusu haki sawa ya kufunga mikataba. Mwaka 2018 Walmart na Dick's Sporting Goods walipoacha kuwauzia bunduki walio chini ya miaka 21, ingawa sheria ya shirikisho iliruhusu bunduki ndefu kuanzia miaka 18, kijana wa miaka 20 wa Oregon aliwashitaki. Alipata pa kushika kwa sababu sheria ya jimbo hilo inakataza ubaguzi wa umri dhidi ya mtu aliyetimiza miaka 18. Katika majimbo mengi mengine asingekuwa na shauri. Funzo ninaloliona ni kwamba swali la kama muuzaji anaweza kukataa halijibiwi na uhalali wa bidhaa hata kidogo. Linajibiwa na orodha ya sababu zilizopigwa marufuku, na orodha hiyo lazima iandikwe na mtu.

Wanaopinga kuandikwa kwa orodha hiyo wana hoja moja nzito na moja nyepesi. Nzito ni ya dhamiri. Mwenye duka Mwislamu hataki kuuza pombe, na mwingine hataki kuuza sigara kwa kuwa baba yake alikufa kwa mapafu. Je, sheria itawalazimisha? Haiwezi na haipaswi. Asiyeuza pombe hamuuzii mtu yeyote pombe. Amechagua bidhaa, hakuchagua watu. Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza iliigusa tofauti hii mwaka 2018 katika shauri la mwokaji wa Belfast aliyekataa kuandika juu ya keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Majaji walisema mwokaji alikataa maneno, hakumkataa mteja, kwa kuwa angemkatalia yeyote aliyeyaagiza. Mtu anaweza kukubali au kukataa hukumu ile, lakini kipimo chake kinasaidia: mbadilishe mteja, acha kila kitu kingine kilivyo. Jibu likibaki hapana, hiyo ni kanuni ya duka. Likigeuka ndiyo, muuzaji amemkataa mtu.

Nyepesi ni ile ya "aende duka jingine, soko litamwadhibu mbaguzi". Ingekuwa kweli kama kila mahali pangekuwa Ngamiani, ambako maduka matatu yanatazamana. Katika vijiji vya pwani kama Kigombe au Kipumbwi, duka la jumla linaweza kuwa moja na muuza dawa mmoja, na nauli ya kwenda kwingine ni kubwa kuliko bei ya kitu chenyewe. Soko pia halimwadhibu muuzaji pale wateja waliobaki wanapofurahia ubaguzi wake, wala pale wanaokataliwa ni wachache kiasi kwamba fedha yao haisikiki. Chini ya ukoloni Waafrika wa Tanganyika walizuiwa kisheria kununua pombe kali, na sheria ya mikopo kwa wenyeji ilimzuia mfanyabiashara kudai deni kwa Mwafrika pasipo kibali. Hayo hayakuondolewa na ushindani wa maduka. Yaliondolewa kwa kufuta sheria. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya 2003 yenyewe inakubali kwamba soko hukwama: inawakataza washindani kukubaliana kumsusia mtu, na inamwekea mipaka mwenye nguvu ya soko. Wauza samaki wa jumla wakikubaliana kutomuuzia mchuuzi fulani, Tume ya Ushindani ina kazi. Muuzaji mmoja mdogo akifanya hivyo peke yake kwa sababu ya kabila la mchuuzi, Tume haina.

Nyakati za uhaba nazo zina kanuni yake. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 hadi serikali ikatangaza bei elekezi, swali la nani auziwe lilikuwa kwenye kila kaunta. Kusema "kilo mbili kwa mtu" ni kukataa kuuza, lakini ni kukataa kwa haki kwa kuwa kipimo ni kimoja. Kuficha mfuko chini ya kaunta kwa ajili ya wateja wa daftari kunaeleweka kibinadamu, ila kunamfanya mgeni wa mtaa alale bila chai huku sukari ipo. Kukopesha ni hiari ya mwenye duka na hakuna anayeweza kudai mkopo. Mwenye fedha taslimu hastahili kuwekwa nyuma ya deni la mtu mwingine. Na kumlazimisha mtu anunue sabuni ndipo auziwe sukari ni kukwepa bei elekezi tu.

Kinachohitajika si kitabu kizima cha sheria. Kifungu kimoja katika Sheria ya Ushindani, chenye maneno yale yale ya kifungu cha 7 cha sheria ya ajira lakini kikimtaja mnunuzi, kingetosha kuziba pengo. Wakati Bunge halijafika huko, Jiji la Tanga lina uwezo wa kutunga sheria ndogo inayomtaka kila mwenye leseni abandike mlangoni sababu zake za kukataa kuuza, kwa herufi zinazosomeka. Kukataa kulikoandikwa kabla mteja hajafika kuna uzito kuliko kunakobuniwa anapoonekana sura, na muuzaji atajiuliza mara mbili kabla ya kuandika ukutani jambo ambalo anaweza kulisema kwa sauti ya chini tu. Mteja aliyekataliwa naye aombe sababu palepale, aandike tarehe, saa na jina la duka, kisha kwa mafuta apeleke EWURA, na kwa dawa Baraza la Famasi. Vituo vilivyo karibu na pwani viweke magaloni ya bati ya lita 20 ya kuazimwa kwa amana, kama ilivyo kwa mitungi ya gesi: mvuvi aache amana, apokee galoni, alirudishe tupu kesho yake na kuchukua lililojaa. Zoezi lianze Sahare na Deep Sea, ambako boti zinaondoka kabla ya alfajiri.